Stika za Vinili Kwenye Malori: Mwongozo Kamili wa Kuzidumisha Msimu wa Mvua na Baridi

Lori linalotoka Nakuru kwenda Kisumu hupanda hadi Mau Summit, karibu mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kupitia Kericho na Ahero hadi ufuoni mwa ziwa, ulio kwenye mita 1,130 hivi. Linaloendelea Eldoret na Malaba hupita Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Kwa hiyo katika safari ya saa chache tu, bodi iliyolala ikitiririka umande hujikuta katika jua la Kisumu, na bati lake likawa la moto kiasi cha kuunguza kiganja. Bati hupanuka na kunywea, nayo vinili, yaani plastiki nyembamba ya stika, hupanuka na kunywea zaidi ya bati, na kinachobaki kuvishikanisha vitu hivyo viwili visivyokwenda sambamba ni utando mwembamba wa gundi.

Miongozo mingi ya watengenezaji wa vinili imeandikiwa nchi za theluji, ikizungumzia chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu na vifaa vya kukwangulia theluji. Hayo si yetu. Yetu ni mvua za masika zinazoanza Machi na ambazo magharibi mwa Kenya huendelea hadi Agosti, baridi ya Juni hadi Agosti katika nyanda za juu, mvua ya mawe inayoijia Kericho na Nandi Hills mara kwa mara, na matope ya murram katika njia za mashamba ya miwa na majani chai. Hata hivyo, chanzo cha uharibifu ni kile kile huko na huku: maji hayapenyi vinili nzima kutoka juu, bali huingia ukingoni, na ukingo hulegea kwa sababu siku ya kubandika ulikuwa mchafu, wenye unyevu au wenye baridi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu siku za kazi yenyewe, wala si miezi ya mvua inayofuata.

Hatua ya kwanza: Chagua wakati

Kwa mwenye uwezo wa kupanga, Januari na Februari ni miezi bora ya kubandika, kwa kuwa kuna ukavu na gundi hupata muda wa kukomaa kabla ya masika. Asiyeweza kusubiri na aifanye kazi hiyo ndani ya jengo lililofunikwa, akiyazingatia masharti ya joto yafuatayo.

Vinili nyingi za magari hutakiwa kubandikwa bodi ikiwa na nyuzijoto zisizopungua 10, na kwa kazi yenye mikunjo na ribiti (pini za chuma zinazounganisha mabati), zisizopungua 16. Linalohesabiwa hapa ni joto la bati, si la hewa. Alfajiri za Julai mjini Nakuru huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na Molo ni baridi zaidi. Bati lililokaa nje usiku kucha huwa baridi kuliko hewa inayolizunguka, na ndilo sababu hutoa umande hata kama hakukunyesha. Kipimajoto cha kuelekezwa, kile kinachosoma joto bila kugusa, si ghali na kinapaswa kuwa katika kila sanduku la fundi wa stika. Mtu asiyekuwa nacho asidanganywe na jua lililochomoza, kwani upande wa lori ulio kivulini hubaki baridi kwa saa nyingi.

Kisumu tatizo hugeuka. Mchana wa jua, bati jeusi au la buluu hupita nyuzi 50 kwa urahisi. Gundi hunasa mara tu inapogusa, vinili hulainika na kunyooshwa kupita kiasi bila fundi kujua, kisha hurudi nyuma baadaye na kuuacha ukingo wazi. Pia mvua za kanda ya ziwa na za Kericho hupenda kuja alasiri. Kwa Nakuru, basi, kazi ianze saa nne asubuhi hivi bati likishapata joto. Kwa Kisumu, ianze mapema na ifanyiwe kivulini, na sehemu ngumu zimalizwe kabla ya adhuhuri.

Hatua ya pili: Jua unachonunua

Vinili ya bei nafuu hutengenezwa kwa plastiki inayosukumwa na kunyooshwa kwa roli zenye joto hadi iwe nyembamba. Kwa kuwa imenyooshwa, hubaki ikitaka kurudi katika hali yake ya awali, na joto la jua huisaidia kufanya hivyo. Aina ya chini kabisa, iitwayo monomeriki, hunywea mapema na kuacha mstari wa gundi pembeni ambao hunasa vumbi na kuwa mweusi. Polimeriki hunywea kidogo na inafaa bodi bapa zisizo na mikunjo. Vinili ya kumiminwa, ambayo madukani huitwa kasti, hutengenezwa kwa kumimina plastiki ya majimaji na kuiacha ikauke bila kuvutwa. Huwa na unene wa mikroni 50 hivi, hukaa juu ya ribiti na mifereji ya bodi, na haina haraka ya kurudi nyuma. Kwa lori lenye bodi ya mabati yenye mifereji linalopita Timboroa kila wiki, sioni hoja ya kununua kitu kingine. Kwa jina la kampuni kwenye mlango bapa wa pikapu ya ofisini, kasti ni hasara.

Mwambie muuzaji aandike aina ya filamu, yaani vinili yenyewe, kwenye risiti, pamoja na jina la mtengenezaji na nambari ya roli, kisha hifadhi kipande cha mabaki. Ukingo ukianza kuinuka kabla ya wakati, hicho ndicho kitakachoamua kama kosa ni la filamu au la mikono.

Picha iliyochapishwa inahitaji uangalifu zaidi. Wino wa viyeyushi unapaswa kuachwa ukauke kwa saa 24 angalau, karatasi zikiwa zimetanuliwa na si kuviringwa kwa kubana, kabla ya kufunikwa na tabaka la juu la kinga. Duka lenye haraka huchapisha asubuhi na kufunika mchana. Viyeyushi vilivyofungiwa ndani huilainisha gundi, na kingo hujikunja katika wiki za mwanzo. Tabaka la kinga nalo liwe la jamii moja na filamu ya chini, kasti kwa kasti, kwani tabaka linalonywea juu ya filamu isiyonywea litaiinua pembeni.

Jambo moja linalosahauliwa ni jua. Mionzi ya urujuanimno huongezeka kwa takribani asilimia 10 kwa kila mita 1,000 za kimo, nasi tuko karibu na ikweta. Miaka ya udumu iliyoandikwa kwenye karatasi za watengenezaji aghalabu ni ya uso uliosimama wima katika nchi za jua la wastani. Boneti na paa la kebini huchoka mapema zaidi, mara nyingi kwa nusu ya muda au chini yake. Plastiki iliyochomwa na jua la Januari ndiyo inayopasuka ikikutana na baridi ya Julai au mvua ya mawe ya Kericho. Kwa hiyo tabaka lenye kinga ya mionzi ni sehemu ya maandalizi ya msimu wa baridi, ingawa haionekani hivyo.

Hatua ya tatu: Andaa bodi

Osha lori zima kwa maji na sabuni siku moja kabla, si asubuhi ya kazi. Sababu ni maji yanayojificha. Maungio ya mabati, nyuma ya ribiti, chini ya vipande vya pembeni na kwenye bawaba za milango huhifadhi maji ambayo hutoka polepole kwa saa nyingi, na huonekana pale tu fundi anapopitisha hewa ya moto na tone likatiririka chini ya filamu aliyokwisha kuibandika. Siku ya kazi, pitisha hewa ya kompresa katika kila mshono, kisha mashine ya hewa moto, kisha ngoja, kisha tazama tena. Msimu wa mvua, hatua hii peke yake huweza kula nusu siku, na mteja anayeilalamikia aelezwe kwa upole kwamba ndiyo anayoilipia.

Baada ya kuosha, ondoa grisi, lami na nta kwa kiondoa mafuta, kisha malizia kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji, sehemu 70 kwa 30. Tumia vitambaa viwili: kimoja cha kupakia na kingine kikavu cha kufutia kabla alkoholi haijakauka yenyewe, maana ikikauka yenyewe huacha uchafu ule ule mahali pengine. Petroli na mafuta ya taa hayafai kwa hatua ya mwisho, kwa sababu huacha utando wa mafuta. Kujua kama bodi ni safi, nyunyiza maji kidogo kabla ya alkoholi: yakitandaa kama shuka, hali ni njema, yakijikusanya matone matone, bado kuna nta au mafuta.

Rangi mpya ni mtego mwingine. Rangi iliyokaushwa kwa hewa tu katika gereji za jua kali huendelea kutoa mvuke kwa siku nyingi, na baridi huichelewesha zaidi. Mvuke huo ukifungiwa chini ya vinili hutoa malengelenge. Wiki moja ni kidogo. Katika baridi ya nyanda za juu wiki tatu ni salama zaidi. Bandika kipande cha vinili cha sentimita 10 na ukiache kwa saa 24 mahali penye joto. Kikitoa malengelenge, rangi haijawa tayari. Halafu bandika tepu ya kawaida ya kupakia rangi na uing'oe kwa ghafla: ikiondoka na rangi, tatizo lako ni la kupeleka lori kwa mpaka rangi, si kwa fundi wa stika. Kutu nayo haifunikwi. Itakua chini ya filamu na kuisukuma.

Madigadi na bampa za plastiki huwa hazishikwi na gundi ya kawaida, na turubai za pembeni za trela huhitaji filamu maalumu inayokunjika pamoja nazo, au kuchorwa kwa rangi ya turubai. Ni afadhali kuziacha kuliko kuzibandika kwa kubahatisha.

Hatua ya nne: Bandika kikavu

Mafundi wengi wa mabango wamezoea kunyunyiza maji ya sabuni ili stika itelezeshwe hadi mahali pake. Dukani kwenye kioo, sawa. Kwenye lori, katika baridi, ni desturi ya kuachana nayo: maji yaliyobaki chini hayana pa kwenda, gundi huchelewa kunasa, na filamu zenye mifereji midogo ya kutolea hewa huharibiwa kabisa na maji. Shikilia stika kwa sumaku au tepu, ipime, ikate karatasi ya mgongoni sehemu sehemu, na ubandike kutoka katikati kwenda pembeni kwa skwiji, kibao cha kukandamizia, yenye kitambaa mdomoni. Mkandamizo ndio unaoiamsha gundi ya aina hii, hivyo kila mpito wa skwiji ufunike nusu ya mpito uliotangulia.

Vipande vikipishana, anza nyuma ya lori ukielekea mbele, na chini ukielekea juu, ili kipande cha mbele kikae juu ya cha nyuma na cha juu kikae juu ya cha chini, kama mabati ya paa yanavyopangwa ili maji yasirudi ndani. Upepo wa barabara na mvua inayopigwa na upepo huo havitapata mdomo wa kuingilia. Mpishano wa sentimita 1 hadi 2 unatosha.

Kwenye ribiti, filamu ibandikwe kwanza bapa, itobolewe kwa sindano pembeni mwa kichwa cha ribiti, ipashwe moto, kisha isukumwe kwa brashi ya mviringo ikizunguka kuelekea ndani. Kwenye mifereji ya bodi, usiivute filamu hadi chini kama ngoma. Ilegeze, ipashe, iingize polepole. Filamu iliyovutwa katika mfereji itainuka yenyewe, na katika baridi itainuka mapema zaidi. Penye mapengo kati ya paneli na kwenye mipira ya milango, kata na uache milimita 2 au 3 kutoka ukingo wa bati badala ya kuvusha. Tumia uzi wa kukatia uliotandazwa chini ya filamu, kwani wembe unaopita juu ya rangi hufika kwenye chuma, na mkato huo ndio kutu ya mwaka ujao.

Kona zote ziwe za mviringo. Kona kali ndiyo ya kwanza kushikwa na maji ya presha. Vivyo hivyo kwa herufi: mbunifu anayependa herufi nyembamba na mikia mirefu atengeneze kadi za arusi; herufi za lori ziwe nene.

Hatua ya tano: Pasha joto na funga kingo

Hapa ndipo kazi nyingi hukatizwa, kwa kuwa macho huona imekwisha. Vinili ya kumiminwa ina kumbukumbu ya umbo lake. Kila mahali iliponyooshwa, yaani ribiti, mifereji na kona, ipashwe tena hadi kati ya nyuzi 90 na 105 kulingana na maelezo ya mtengenezaji, ili kumbukumbu hiyo ifutike. Kukadiria kwa mkono hakutoshi. Kipimajoto kile kile cha kuelekezwa kitumike. Kisha pitia kingo zote kwa skwiji, kwa nguvu, filamu ikiwa bado vuguvugu.

Praima ya kuongeza mshiko itumike kidogo tu, ndani ya mifereji na kwenye ncha zinazopigwa na upepo, kwa sababu mahali ilipopakwa filamu haitang'oka kwa amani siku ya kuitoa. Kingo zilizo karibu na tangi la dizeli, nyuma ya magurudumu na mbele ya kebini zifungwe kwa kimiminika cha kufungia kingo au tepu yake ya uwazi.

Kabla ya kulitoa lori, hakikisha hakuna kilichofunikwa kisichopaswa kufunikwa: taa, chevroni za nyuma zinazoakisi mwanga, alama ya mwendo, uzito wa gari na jina la mwenyewe. Filamu ikibadilisha rangi kuu ya gari, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ijulishwe ili kumbukumbu za usajili zirekebishwe. Kaunti nyingi pia hutoza ada ya matangazo kwenye magari.

Lori lilale chini ya paa kwa saa 24 angalau. Gundi hunasa siku hiyo lakini huchukua hadi siku tatu kufikia nguvu yake kamili, na katika baridi zaidi ya hapo. Mwenye lori anayetaka lipakie miwa Muhoroni jioni ile ile anayarudisha nyuma yote yaliyofanywa. Mashine ya presha isiguse stika kwa wiki nzima.

Hatua ya sita: Kuosha katika miezi ya mvua

Stika nyingi zilizobandikwa vizuri huuawa kwenye vituo vya kuoshea magari. Kijana anayeosha lori lenye matope ya murram husogeza mdomo wa mashine karibu na herufi kwa sababu hapo ndipo matope yanaponata. Dereva na utingo wanapaswa kuelezwa kanuni hizi, na ikiwezekana zibandikwe ndani ya mlango: mdomo uwe wa feni pana na si wa sindano, umbali usipungue sentimita 30, na nusu mita ni bora, maji yaelekezwe moja kwa moja kwenye uso wa stika na si kwa mshazari chini ya ukingo, maji ya moto ya zaidi ya nyuzi 50 yasitumike. Matope yalowekwe kwanza kwa maji ya kawaida, kisha yasuguliwe kwa brashi laini na sabuni isiyo kali. Sabuni za kuondolea grisi ya injini na nyavu za chuma za jikoni zisikaribie kabisa.

Tabia ya kupulizia chasi dizeli ili ing'ae ina madhara makubwa kuliko watu wanavyodhani. Dizeli hulainisha gundi na kuivimbisha plastiki, na manyunyu yake hupanda hadi kwenye mstari wa chini wa stika. Dizeli inayomwagika wakati wa kujaza tangi nayo ifutwe papo hapo kwa maji na sabuni.

Kwa malori yanayolala Kisumu, wadudu wa ziwani wanaoganda mbele ya kebini waoshwe asubuhi inayofuata, pamoja na vinyesi vya ndege, kabla jua halijavipika kwenye filamu. Kuoshea gari ziwani, mbali na kuchafua maji wanayotumia watu wengine, kunaongeza mchanga laini unaokwaruza.

Hatua ya saba: Ukaguzi na marekebisho

Kagua kingo zote mwishoni mwa Februari, tena Juni, tena Septemba. Pitisha ukucha, usitegemee macho. Ukingo ulioinuka na bado ni safi hupashwa moto na kukandamizwa. Ukishashika vumbi, kuukandamiza ni kulifungia vumbi ndani. Kata sehemu iliyoinuka kwa umbo la mviringo, safisha bati kwa alkoholi, kausha, kisha funga ukingo mpya au weka kiraka kinachopishana kwa sentimita moja. Usitie supaglu. Hukauka ikawa ngumu kama kioo, hupasuka bati linaponywea kwa baridi, na huacha doa ambalo fundi wa baadaye hataliondoa bila kuharibu rangi.

Filamu iliyoanza kuwa na nyufa ndogo kama za udongo uliokauka, hasa juu ya boneti, haina marekebisho. Iondolewe kabla ya masika, kwa sababu kila msimu inaoachwa unaifanya iwe vipande vidogo zaidi wakati wa kuitoa. Kazi hiyo ifanywe mchana wa jua: ipashe filamu hadi nyuzi 50 au 60, ivute polepole ikiwa imejikunja juu yake yenyewe, na gundi itakayobaki ilainishwe kwa kiondoa gundi kilichotengenezwa kwa mafuta ya machungwa. Baada ya hapo bodi ioshwe kwa sabuni na kupanguswa kwa alkoholi mara mbili, kwa kuwa mafuta hayo yakibaki, stika mpya haitashika hata ikibandikwa Februari.